Karani Ndiye Atakayeulizwa

Mhadhara kwa makarani, wanakamati na wanachama wa vyama vya ushirika wa Meru na Embu



Shamba la kahawa lisilozidi hekta 4 linaweza kuelezwa kwa nukta moja tu kwenye ramani: latitudo moja na longitudo moja, kila moja ikiwa na tarakimu sita baada ya desimali. Hivyo ndivyo inavyotaka Kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 1115 ya mwaka 2023, ile inayozuia kuingiza huko kahawa na mazao mengine kadhaa yakiwa yamelimwa kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Tarakimu sita si mchezo. Zinakufikisha kwenye mbuni wenyewe. Utekelezaji wa kanuni hiyo umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini kazi ya kupima mashamba ilianza kitambo. Afisa anafika kwa mkulima na simu yake, anasimama katikati ya mibuni, anabonyeza, anaenda zake. Nukta ile inatoka chamani, inapita kwa wenye kinu cha kukoboa, kwa wakala, kwa msafirishaji, hadi kwa mnunuzi Hamburg au Antwerp. Mara nyingi inaandamana na jina la mkulima, nambari ya kitambulisho chake na nambari ya simu.

Nani aliruhusiwa kumpa nani, na kwa sababu ipi? Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo. Kahawa ni mlango tu. Ndani tutakuta hospitali, shule, sacco, kituo cha polisi na mgombea wa kiti cha udiwani.

Niseme mapema ninachoamini, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kuandaa hoja zake. Hapa kwetu taarifa za watu hutolewa kwa kuangalia cheo cha anayeziomba. Chifu akiomba orodha, anapewa. Meneja wa benki akiomba, anapewa na chai juu. Mheshimiwa akituma msaidizi wake, karani anachapisha orodha nzima na kuibana kwa pini. Mama mjane akiomba kuona rekodi yake mwenyewe ya malipo, anaambiwa arudi Alhamisi. Sheria ya nchi hii inakwenda kinyume kabisa na desturi hiyo. Haijali cheo. Inauliza taarifa ile ilikusanywa kwa kazi gani, inauliza kama kuitoa kunaambatana na kazi hiyo, na wa kwanza kuulizwa ni yule aliyeitoa.

Chanzo chake ni Katiba ya 2010. Ibara ya 31 inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutodaiwa wala kufichuliwa pasipo lazima taarifa za familia yake au mambo yake binafsi. Pasipo lazima: hapo ndipo uzito ulipo, maana Katiba haikusema zisifichuliwe kamwe. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data, nambari 24 ya 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo. Kamishna wa kwanza wa Data, Bi Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Kanuni za utekelezaji zikatoka mwaka 2021. Kwa hiyo karani aliyeajiriwa chamani mwaka 2005 na kufundishwa kazi na mtangulizi wake hakufundishwa haya, na simlaumu. Ila sasa yapo.

Tuanze na huyu anayeitwa mtu wa tatu, kwa sababu makosa mengi yanaanzia hapa. Kiwanda cha chai kina taarifa zako. Hicho ndicho mdhibiti. Kampuni ya kompyuta inayotunza mfumo wa mizani kwa niaba ya kiwanda, ikifuata maagizo ya kiwanda, ni mchakataji. Karani wa kituo cha kununulia majani ni mkono wa kiwanda chenyewe. Wote hao si watu wa tatu, mradi wamebaki ndani ya kazi waliyopewa. Mtu wa tatu ni yeyote mwingine, iwe ni mtu, kampuni au idara ya serikali. Naomba mlisikie hilo la idara ya serikali, kwa maana wengi hudhani kwamba kuipa serikali si kutoa. Ni kutoa. Huenda kukawa halali kabisa, lakini lazima kuwe na sababu yake.

Na sababu zipo nyingi. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kimezitaja: idhini ya mwenyewe, mkataba ambao yeye ni mhusika, wajibu wa kisheria, kuokoa uhai wake au wa mtu mwingine, kazi ya manufaa ya umma au ya mamlaka ya umma, maslahi halali ya mdhibiti au ya anayepewa, yakipimwa dhidi ya haki za mwenye taarifa, na utafiti, historia, takwimu, uandishi wa habari, sanaa. Mtu anayewaambia kwamba hakuna kinachoruhusiwa bila sahihi ya mwanachama hajaisoma sheria. Idhini ni mlango mmoja kati ya kadhaa, na kwa kweli ndio mlango mbovu kuliko yote, kwa sababu kifungu cha 32 kinamtwika mdhibiti mzigo wa kuthibitisha kwamba idhini ilitolewa, na mwenye kuitoa anaweza kuiondoa wakati wowote.

Malipo ya kahawa ni mfano mzuri wa mlango wa mkataba. Tangu mageuzi ya 2023, fedha za mnada hupitia Mfumo wa Malipo ya Moja kwa Moja unaoendeshwa na Benki ya Ushirika. Ili mkulima wa Kianjokoma alipwe, chama lazima kiipe benki jina lake, akaunti yake na kiasi anachodai. Huhitaji kumfuata kwake kumwomba ruhusa kila msimu. Alikuuzia kahawa ili alipwe. Lakini benki hiyohiyo ikirudi wiki ijayo ikitaka orodha ya wakulima wote waliopata zaidi ya shilingi laki moja ili iwauzie bima, mkataba ule haufiki huko. Hayo ni matumizi ya kibiashara, na kifungu cha 37 kinataka idhini ya wazi ya mwenyewe, au sheria iliyoandikwa inayoyaruhusu ambayo mwenyewe ameelezwa alipokuwa akitoa taarifa zake. Orodha ni ileile, benki ni ileile, pengine hata afisa aliyekuja ni yuleyule. Kilichobadilika ni kusudi.

Sasa twende polisi, maana najua hapo ndipo magoti hulegea.

Afisa anafika ofisini na barua yenye muhuri wa kituo, anataka rekodi za mwanachama fulani. Kifungu cha 51 kinakuruhusu kutoa pale sheria iliyoandikwa au amri ya mahakama inapotaka. Barua ya kituo yenyewe si sheria wala si amri ya mahakama. Afisa anayechunguza kosa ana njia yake: kifungu cha 118 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinampa hakimu uwezo wa kutoa hati ya upekuzi, na kwa vitabu vya benki kipo kifungu cha 180 cha Sheria ya Ushahidi, nacho kinataka hati ya mahakama. Mahakama hatuna uhaba nazo: Embu, Runyenjes, Siakago, Meru, Nkubu, Githongo, Tigania, Maua. Mwambie afande kwa heshima kwamba faili utaliweka salama, halitaguswa, na utamkabidhi siku atakapoleta hati. Huko si kuzuia uchunguzi. Tena ushahidi uliopatikana kwa njia ya mkato humpa wakili wa mshtakiwa kazi rahisi siku ya kesi.

Mamlaka ya Ushuru ni jambo tofauti kidogo, kwa kuwa Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inampa Kamishna wake uwezo wa kudai hati kwa maandishi. Ila Mswada wa Fedha wa 2024, pamoja na yote yaliyowaleta vijana barabarani, ulikuwa na kipengele kilichotaka kuongeza kwenye kifungu cha 51 cha Sheria ya Ulinzi wa Data msamaha kwa utoaji wowote wa taarifa unaohitajika kukadiria au kukusanya kodi. Mkate na mafuta ya kupikia vilizungumzwa sana. Hiki hakikuzungumzwa kiasi hicho, na kwa maoni yangu kilistahili. Mswada uliachwa Juni 2024. Jambo la kujiuliza ni hili: kama mamlaka hiyo tayari ingekuwa na haki ya kuchukua lolote kwa yeyote, kipengele hicho kingeandikwa kwa nini?

Kuna kesi ambayo kila mwenye kutunza rejista aijue, na ilitangulia Sheria ya Data yenyewe. Tarehe 23 Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza makamishna wa kaunti, wakishirikiana na wakurugenzi wa elimu na wa huduma za afya, wakusanye taarifa za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi, walezi wao, na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha walio na virusi hivyo. Agizo lilikwenda kaunti zote, Meru na Embu zikiwemo. Nia ilitajwa kuwa njema, yaani kupanga huduma. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na tarehe 7 Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba agizo lile lilivunja haki ya faragha na haki za watoto chini ya Katiba. Akaamuru majina yaliyokwisha kukusanywa yageuzwe kuwa misimbo ndani ya siku 45, ili yasiweze kuhusishwa na mtu.

Angalieni mambo mawili hapo. Aliyeagiza alikuwa Rais. Kama cheo kingetosha, hapana cha juu kuliko hicho. Na kusudi halikukataliwa na mahakama. Anayetaka kupanga dawa za watoto anahitaji kujua idadi yao, umri wao na kituo wanachotibiwa. Jina la mtoto wa Mbeere halimsaidii kupanga chochote, ila linaweza kumfikia mwalimu, likafika kwa mpishi wa shule, likafika uwanjani wakati wa mapumziko. Hilo la misimbo nitalirudia.

Hospitali zenyewe zinabanwa zaidi. Taarifa za afya ni data nyeti, na Sheria ya Afya ya 2017 inasema hazitolewi ila kwa idhini ya maandishi ya mgonjwa, kwa amri ya mahakama au sheria, au pale ambapo kunyamaza kunahatarisha vibaya afya ya umma. Kipindupindu kikizuka, daktari humwarifu afisa wa afya ya umma. Hamwarifu kasisi wala mwajiri. Tena data nyeti kwa sheria ya Kenya si afya peke yake. Ni pamoja na taarifa za mali ya mtu, hali yake ya ndoa, na majina ya wazazi, wenzi na watoto wake. Sasa kumbukeni fomu ya uanachama ya chama chenu, pale penye nafasi ya warithi. Sanduku lile la chuma lililo ofisini limejaa data nyeti tangu siku mlipolinunua.

Upo wakati wa kutoa bila kungoja karatasi. Jioni ya tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia kwenye daraja la Nithi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Wote mnapajua pale. Kila anayesafiri kati ya kaunti zetu mbili hupapita akiwa ameshika kiti. Usiku kama ule, kampuni ya basi ikiombwa na hospitali majina na nambari za jamaa za abiria, izitoe papo hapo. Mwajiri akijua kwamba majeruhi ana kisukari, aseme. Sheria imeweka mlango wa kuokoa uhai kwa ajili ya usiku wa namna hiyo, na karani anayesimama mlangoni akidai idhini ya mtu aliyezirai hajailewa. Lakini mlango huo ni wa uhai. Mpiga picha wa mtandaoni anayetaka orodha ya majeruhi apitie kwa familia zao.

Kwenye mikopo nitakwenda polepole, kwa sababu nusu ya waliomo humu ni wadhamini wa mtu.

Unapomdhamini mwenzako kwenye sacco, unatia sahihi. Akishindwa kulipa, sacco inakuarifu: deni ni kiasi gani, limechelewa kwa muda gani, akiba yako iko hatarini kiasi gani. Hiyo ni halali, kwa kuwa mkataba unakugusa wewe. Ofisi za kumbukumbu za mikopo nazo zina kanuni zake chini ya Benki Kuu, na mkopeshaji aliyeruhusiwa hupeleka taarifa huko kwa kufuata utaratibu, ikiwemo kumjulisha mkopaji mapema. Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu ni na ile tabia ya kutangaza madeni kwenye kundi la WhatsApp la kituo cha chai, au mwenyekiti kuyasoma kwenye mazishi ya mkwe wa mdaiwa. Aliyekopa alikubali sacco ijue, na mdhamini ajue. Kijiji hakikuwa kwenye fomu.

Wakopeshaji wa simu walikwenda mbali zaidi. Unapakua programu, inakuomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo kwenye simu yako, unakubali kwa sababu mtoto ametumwa nyumbani kuchukua karo. Ukichelewa, simu inaanza kulia kwa shangazi, kwa fundi wa pikipiki, kwa mkuu wa shule. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza faini ya shilingi 2,975,000 dhidi ya kampuni ya Mulla Pride, iliyoendesha programu za KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na nambari za simu zilizopatikana kutoka kwa watu wengine kuwatumia watu jumbe na simu za vitisho. Shangazi hakukopa. Hakudhamini. Nambari yake ilitolewa na mtu asiye na mamlaka ya kuitoa, ikatumiwa na kampuni isiyomjua. Katika tangazo hilohilo shule moja, Roma School, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Walimu wakuu wanaobandika nyuso za watoto kwenye mabango ya kutafuta wanafunzi wa mwaka ujao, hilo linawahusu.

Lakini nisije nikawapa wezi silaha. Kuna maofisa wanaoitumia sheria hii kama blanketi la kujifunika. Orodha ya basari haibandikwi ubaoni. Ukiuliza, unaambiwa ni data ya watu. Kumbe nusu ya majina ni ya watoto wa wanakamati. Hapa naegemea upande wa ubao. Fedha ni za umma, na Ibara ya 35 ya Katiba pamoja na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinampa raia haki ya kujua zilikokwenda. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 6, inazuia kuingilia faragha ya mtu pasipo sababu ya haki. Kwa hiyo bandika jina la mwanafunzi, shule, kata na kiasi alichopewa. Usibandike kwamba ni yatima, kwamba mama yake anaumwa, wala nambari ya simu ya mlezi. Wadi nzima itajua kama fedha zimegawanywa kwa haki, na mtoto hatakwenda shuleni akiwa amevishwa umaskini wake shingoni.

Chama cha ushirika nacho kina uwazi wake. Sheria ya Vyama vya Ushirika, Sura ya 490, kifungu cha 21, inampa mwanachama haki ya kupata taarifa halali za chama, rejista zikiwemo, kwenye makao makuu ya chama. Mwanachama akija kukagua rejista, karani asijifanye hamwoni. Ila kukagua mezani ni kitu kimoja. Kupiga picha kurasa zote na kumpelekea muuza mbolea ni kitu kingine. Vivyo hivyo msajili wa ardhi: mali ni data nyeti, lakini sheria ya usajili wa ardhi inataka taarifa za sajili zipatikane kwa umma, na yeyote anaweza kulipia upekuzi wa hati. Hiyo ni sheria iliyoandikwa, na ina sababu yake nzuri. Jaribu kununua kiploti Makutano bila upekuzi uone.

Nirudi kwenye ile nukta ya shamba, kwa sababu ndilo jambo jipya zaidi mezani na sioni likizungumzwa vya kutosha.

Nukta ikikaa pamoja na jina, ni taarifa ya mali ya mtu. Kwa usomaji wangu hiyo ni data nyeti. Na kifungu cha 49 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinasema data nyeti haichakatwi nje ya Kenya ila kwa idhini ya mwenyewe na baada ya kuthibitisha kwamba kuna ulinzi unaofaa. Hapo mlango wa mkataba hautoshi peke yake. Sasa idhini ya mkulima anayeambiwa, bila nukta kahawa yako haipokelewi, ni idhini ya hiari kweli? Kifungu cha 32 kinatupa kipimo: tuangalie kama mkataba umefungwa na sharti la kutoa taarifa ambazo mkataba wenyewe hauzihitaji. Nukta inahitajika, soko limeitaka. Je, nambari ya kitambulisho? Simu? Majina ya watoto? Kanuni ya Ulaya inamtaka mnunuzi ajue eneo la shamba, na ajue jina na anwani ya aliyemuuzia bidhaa. Kwa kahawa ya chama, aliyemuuzia kwa kawaida ni chama au msafirishaji, si mkulima mmojammoja wa Kionyo.

Kwa maana hiyo chama kinaweza kupeleka nukta ikiwa na nambari ya msimbo tu, na ufunguo wa msimbo ukabaki kwenye kabati la chama. Ndiyo dawa ileile aliyoiandika Jaji Lenaola mwaka 2016. Mnunuzi wa nje akitaka kuhakiki shamba fulani, atauliza kwa msimbo, na chama kitampeleka afisa. Kuna watakaosema ni kazi nyingi. Nami najibu kwamba orodha ya wakulima 2,000 yenye majina, simu, vitambulisho na mahali pa kila shamba ni mali. Wauza pembejeo, mawakala wa mikopo na madalali wa ardhi wote wataitamani. Ikishavuka bahari hamtaweza kuirudisha. Mkulima anapaswa kuambiwa mapema, kwa Kimeru au Kiembu ikibidi, nukta inakwenda kwa nani na itakaa huko kwa muda gani. Kifungu cha 29 kinataka aambiwe kabla ya kukusanya, si baada.

Kuna jambo la kiutendaji ambalo lingewaokoa wengi. Kanuni za 2021 zinasema ombi la kushirikiwa data liwe la maandishi, na litaje mambo matatu: kusudi, muda ambao data itatunzwa, na uthibitisho wa ulinzi uliowekwa. Mambo matatu tu. Nimeona ofisi ambamo karani anakataa kwa ukali na kugombana na wakubwa, na nyingine ambamo anatoa kila kitu ili asigombane na mtu. Fomu ya ukurasa mmoja ingewaondolea wote wawili taabu. Anayeomba kwa haki ataijaza kwa dakika tano. Asiye na haki, mara nyingi, atasema ataileta kesho, na hamtamwona tena. Na vyama vidogo visijidanganye: kanuni za usajili zimewasamehe baadhi ya wadogo wenye mapato chini ya shilingi milioni 5 na wafanyakazi wasiofika 10, lakini ni msamaha wa kujisajili kwa Kamishna tu. Sheria yenyewe haikumsamehe mtu.

Mwanachama aliyeumizwa anaweza kulalamika kwa Kamishna kwa mdomo au kwa maandishi. Akilalamika kwa mdomo, ofisi ndiyo itakayoandika. Uchunguzi unatakiwa kumalizika ndani ya siku 90. Kamishna anaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kwa kufuata iliyo ndogo. Mwenye kuumia pia ana haki ya fidia.

Nimalizie na uchaguzi, kwa sababu tarehe 10 Agosti 2027 iko karibu kuliko inavyoonekana. Juni 2021 Wakenya walipata nafasi ya kuangalia mtandaoni kama wamesajiliwa kwenye vyama vya siasa, na wengi wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kuvikaribia. Malalamiko yakafika kwa Kamishna, ofisi ikiwa changa. Mwizi wa majina hahitaji ufundi mkubwa. Anahitaji orodha yenye majina na nambari za vitambulisho, na orodha za namna hiyo ziko kwenye vituo vya chai, vyama vya kahawa, sacco za bodaboda, makanisa na shule.

Watakuja. Watakuja na salamu, na ahadi ya tangi la maji, na pengine na mwenyekiti wenu akiwa amekaa kiti cha mbele cha gari lao. Mgombea anayetaka wapiga kura ana sajili ya tume ya uchaguzi, yenye utaratibu wake wa kisheria. Sajili ya chama cha kahawa ilitengenezwa ili watu walipwe kahawa. Kuitoa kwa kampeni ni kuitoa kinyume na kusudi lililoikusanya, na kifungu cha 72 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinaliita hilo kosa. Adhabu iko kifungu cha 73: hadi shilingi milioni 3, au hadi miaka 10 jela, au vyote viwili. Mgombea akishinda ataapishwa. Akishindwa atarudi kwenye biashara yake. Mpe fomu ile ya ukurasa mmoja, mwambie aijaze kusudi, muda na ulinzi, kisha muipeleke mbele ya kamati. Na mwenyekiti akisisitiza kwamba orodha itoke leo hii, karani aombe agizo hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, likiwa na tarehe na jina la aliyelitoa.